Jua linavyompata rubani nyuma ya kioo

Safu hii imezoea kuzungumzia mambo ya nyumbani: maji ya kunywa, vyoo, chanjo za watoto na kuosha mikono. Leo naomba tupande juu kidogo, mpaka pale anapokaa rubani. Sababu ni swali aliloniuliza mzee mmoja baada ya Swala ya Isha. Kijana wake amehitimu urubani na ameanza kurusha ndege ndogo za abiria kati ya bara na visiwani. Familia iliuza shamba ili kijana asome. Sasa mama yake amesikia kwamba marubani wanapata saratani ya ngozi kuliko watu wengine, na anataka mwanawe aiache kazi hiyo kabla hajaharibika. Mzee akaniambia, "Tabibu, nipe ukweli. Nimzuie au nimwache?"

Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa ukamilifu, na jibu lake halimhusu rubani peke yake. Linamgusa dereva wa lori, mama anayemwotesha mtoto jua dirishani, na dada anayepaka mkorogo kisha akapanda basi la Tanga na kukaa upande wa jua.

Tuanze na jua lenyewe. Mwanga tunaouona ni sehemu tu ya kinachotoka huko. Kuna joto, na kuna mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo wataalamu wanaiita mionzi ya urujuanimno, kwa kifupi UV. Nayo imegawanyika makundi matatu. UVC ndiyo kali kuliko zote, lakini hewa ya juu na tabaka la ozoni huimaliza kabla haijatufikia. UVB hupunguzwa sana na ozoni, na ile inayobaki ndiyo inayounguza ngozi ya juu na pia ndiyo inayoisaidia ngozi kutengeneza vitamini D. UVA haiunguzi haraka, kwa hiyo mtu hahisi kitu, ila inazama ndani zaidi ya ngozi kuliko UVB. Sehemu kubwa kabisa ya UV inayofika ardhini, kiasi cha asilimia 95, ni UVA.

Mionzi hii inafanya nini ndani ya mwili? UVB huvunja moja kwa moja vile vinasaba vilivyomo ndani ya chembe za ngozi. UVA hupita njia ya kuzunguka: huamsha ndani ya chembe aina ya oksijeni iliyo kali, na hiyo ndiyo inayoviharibu vinasaba na kuzila nyuzi zinazoifanya ngozi iwe imara. Mwili una utaratibu wa kurekebisha uharibifu huo kila siku, na mara nyingi unafaulu. Lakini uharibifu ukirudiwa miaka ishirini au thelathini, yako makosa yanayopita bila kurekebishwa, na chembe moja ikikosa adabu huzaa nyingine kama yenyewe. Hiyo ndiyo saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mionzi ya jua katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika tangu mwaka 1992.

Sasa tuje kwenye kioo, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu UVB yote. Ndiyo maana hujapata kuungua na jua ukiwa umekaa nyuma ya dirisha lililofungwa. Mtu akiona haungui, anadhani yuko salama. Lakini kioo hicho hicho huachia UVA nyingi ipite. Kwa maneno mengine, kioo kinamwondoa yule mgeni mwenye kelele na kumwacha aingie yule anayenyamaza.

Vioo vya ndege vinatofautiana sana, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yetu. Mwaka 2007 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilichapisha vipimo vya vioo vinane vya mbele vya ndege, vikiwemo vya ndege kubwa za abiria na vya ndege ndogo za injini moja. Vioo vyote vilizuia karibu UVB yote, chini ya asilimia moja tu ndiyo ilipita. Upande wa UVA mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kulikuwa na kioo kilichopitisha chini ya nusu ya asilimia moja, na kingine kilichopitisha zaidi ya asilimia 53. Na ajabu yake ni kwamba vile vya plastiki ndivyo vilivyozuia zaidi kuliko vile vya kioo halisi. Kwa hiyo huwezi kusema "kioo cha ndege kinazuia" au "hakizuii". Inategemea ndege ipi.

Halafu kuna urefu wa kwenda juu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila unapopanda mita 1,000, UV huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, kwa sababu hewa ya kuichuja inazidi kuwa nyembamba. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895. Ndege kubwa za abiria hukaa kati ya mita 9,000 na 12,000, yaani juu ya kilele hicho kwa mbali. Juu ya hapo, rubani ana mawingu chini yake, na mawingu mazito yanarudisha mionzi kama kioo cha kujitazamia. Sisi huku chini wingu linatufunika, yeye linammulika kwa chini. Paa la ndege halimsaidii kwa hilo.

Je, marubani wanaugua zaidi kweli? Mwaka 2002 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliowafuatilia marubani wanaume 10,032 wa nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden, kwa miongo mitano. Saratani ya ngozi aina ya melanoma, ambayo ndiyo hatari zaidi kwa sababu inasambaa mapema, ilionekana kwao mara 2.3 kuliko kwa watu wengine wa nchi zao. Aina nyingine mbili za saratani ya ngozi nazo zilizidi mara mbili. Baadaye watafiti wa California walikusanya pamoja tafiti 19 zenye watu zaidi ya 266,000, na mwaka 2014 wakatoa jibu linalofanana na hilo: rubani mara mbili na zaidi kidogo, wahudumu wa ndani ya ndege mara mbili pia.

Watafiti hao hao hawakuishia hapo. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya kupima UVA ndani ya chumba cha rubani cha ndege ndogo yenye kioo cha plastiki, mchana, San Jose na Las Vegas. Wakalinganisha na vile vitanda vya taa ambavyo Wazungu hulalia ili ngozi zao zigeuke rangi ya shaba. Kwa hesabu yao, rubani akikaa karibu dakika 57 kwenye futi 30,000, amepata UVA ya kudhuru sawa na aliyelala kwenye kitanda hicho dakika 20. Vitanda hivyo IARC ilivipandisha mwaka 2009 kwenye kundi lile lile la visababishi vya uhakika. (Wenzetu wanalipa fedha ili wawe weusi kidogo, na huku kwetu watu wanalipa fedha ili wawe weupe kidogo, na kila mmoja anaumia kwa njia yake. Nitalirudia hili.)

Habari hii ya kitanda ndiyo iliyotembea sana magazetini, na nadhani ndiyo iliyomfikia yule mama. Lakini tuwe waadilifu. Ilikuwa ndege moja, kioo cha aina moja. Ukiichukua ukaibandika kwa kila rubani duniani unakuwa umezidisha.

Na kuna mjadala mwingine. Marubani wanapata pia mionzi ya anga za mbali, ile inayotoka nje kabisa ya mfumo wa jua letu na inayopenya chuma bila shida. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu wanauliza: ni UV iliyowaletea maradhi au ni hii nyingine? Marubani wengi hupata kati ya milisiveti 2 na 5 za mionzi hiyo kwa mwaka, wakati kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa wafanyakazi wa mionzi ni wastani wa 20 kwa mwaka. Ila melanoma inajulikana zaidi kufungamana na jua. Wengine wanasema tatizo si chumba cha rubani, bali ni maisha: rubani mwenye ngozi nyeupe kutoka Oslo anapewa mapumziko ya siku mbili katika nchi ya joto, anakwenda kujilaza ufukweni bila nguo, anaungua. Mimi naona hoja hii ina uzito kuliko inavyopewa. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa marubani wa Australia, uliohesabu wagonjwa wa miaka ya 2011 hadi 2016. Australia ni nchi yenye melanoma nyingi mno, na watu wake wamefundishwa kujikinga. Huko melanoma iliyokwisha kuzama kwa marubani haikuzidi kwa kiwango cha kuhesabika, japo ile ya hatua ya mwanzo kabisa ilizidi kiasi. Mwaka huo huo wachambuzi waliozikusanya tafiti za zamani walikuta bado ni mara mbili, lakini wakatahadharisha kwamba takwimu nyingi ni za miongo mingi iliyopita, za ndege za zamani na marubani wa zamani.

Kuna jambo la kupendeza hapa kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta. Nguvu ya sumaku ya dunia huirudisha mionzi ya anga za mbali vizuri zaidi kwenye ikweta kuliko kwenye ncha za dunia. Rubani wa Dar es Salaam na Mombasa anapata kidogo kuliko yule anayevuka juu ya Greenland. Kwa UV ni kinyume chake. Jua la kwetu linasimama utosini, na kipimo cha UV cha adhuhuri katika nchi zetu mara nyingi hufika 11 na zaidi, daraja la juu kabisa katika ngazi ya Shirika la Afya Duniani.

Basi turudi kwa yule mzee. Nilimwambia asimzuie kijana. Sababu yangu ya kwanza ni ngozi yake. Tafiti nilizozitaja zilifanywa zaidi kwa watu weupe. Weusi wa ngozi zetu ni dawa aliyotupa Mwenyezi Mungu: rangi ile inaifunika kila chembe kama mwavuli mdogo juu ya vinasaba. Nchini Marekani, ambako weupe na weusi wanaishi chini ya jua moja, melanoma ni zaidi ya mara 20 kwa weupe kuliko kwa weusi. Hata ukiizidisha mara mbili ile iliyo ndogo sana, bado inabaki ndogo. Sababu ya pili ni ndege yenyewe. Ndege ndogo za visiwani haziendi mita 10,000. Safari ya Dar es Salaam kwenda Unguja ni dakika 20 hivi na inafanyika chini sana. Jua la huko halitofautiani kwa mbali na la mvuvi aliyeko chini yake baharini, na yule mvuvi hana hata kioo.

Lakini nikamwongezea jambo ambalo hakulitegemea. Nilimwambia, mwambie kijana atazame nyayo zake.

Ndugu msomaji, hili nalo lisikupite. Mtu mweusi akipata melanoma, mara nyingi haitokei usoni wala mgongoni. Inatokea kwenye unyayo, kwenye kiganja au chini ya ukucha, sehemu ambazo hazina rangi nyingi na wala hazionani na jua. Hailetwi na jua, kwa hiyo haihusiani na urubani. Mwanamuziki wa Jamaika, Bob Marley, ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 tu. Watu weusi wengi wanaoipata wanafika hospitali wamechelewa kwa sababu walidhani ni alama ya kujikwaa, au kucha imevia damu, au ni sugu ya kiatu. Sisi tunaosha miguu kwa ajili ya udhu mara kadhaa kwa siku. Basi walau mara moja kwa mwezi unapoosha, geuza unyayo uutazame, na mzee asiyeweza kuinama atazamiwe na mwanawe. Unachotafuta ni doa jeusi au la kahawia linalokua, ambalo nusu yake hailingani na nusu nyingine, kingo zake zimechongoka, rangi zake zimechanganyika, limepita ukubwa wa milimita 6, au limebadilika ndani ya miezi michache. Mstari mweusi kwenye ukucha mmoja tu, unaozidi kupanuka, nao ni wa kuonyeshwa. Kidonda cha ngozi ambacho hakikufunga kwa wiki nne, popote kilipo, kipelekwe hospitali kikakatwe kipande kidogo na kupimwa. Usikipake unga wa dawa usioujua.

Yuko mmoja kati yetu ambaye hana ule mwavuli: ndugu yetu mwenye ualbino. Kwake kila nililosema kuhusu Wazungu linamhusu, na zaidi, kwa sababu anaishi chini ya jua la ikweta. Vidonda vya saratani kwa watu hawa huanza mapema, wengine wakiwa bado vijana, kwenye masikio, shingo, midomo na uso. Mzazi mwenye mtoto wa hivyo asiseme "leo hatembei juani, tunapanda gari". Dirisha la gari linapitisha UVA. Mkalishe upande wa kivuli, mvalishe mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana, kwa maana kofia yetu ya vito, pamoja na uzuri wake, haifuniki masikio wala shingo. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, yalianza kutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Waulize wahudumu wa kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe au chama cha watu wenye ualbino.

Sasa dereva. Nadhani kwa familia nyingi zinazosoma ukurasa huu, dereva ni wa karibu zaidi kuliko rubani. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya Mmarekani wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ni wa mtu wa umri wake. Upande wa kushoto umejaa mikunjo mizito, ngozi imening'inia, utadhani ni baba yake. Marekani dereva hukaa kushoto, na dirisha lake lilikuwa upande huo. Kwetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo mkono na shavu la kulia ndivyo vinavyolipa. Rubani mkuu wa ndege hukaa kushoto, msaidizi wake kulia, na kila mmoja ana dirisha lake la pembeni.

Kwa nini dirisha la pembeni na si kioo cha mbele? Kioo cha mbele cha gari kimetengenezwa kwa matabaka mawili yenye plastiki katikati, ili kikipasuka kisimkate mtu, na ile plastiki ndiyo inayoizuia UVA. Kioo cha pembeni ni tabaka moja tu. Daktari mmoja wa macho huko Marekani alipima magari 29 na kutoa matokeo mwaka 2016: vioo vya mbele vilizuia wastani wa asilimia 96 ya UVA, vya pembeni wastani wa asilimia 71, na katika baadhi ya magari asilimia 44 tu. Na weusi wa kioo si dalili ya kinga. Tinti inapunguza mwanga wa kuonekana, lakini kuzuia UVA ni kazi ya kemikali nyingine iliyomo ndani ya karatasi ile. Ziko karatasi nyeupe kabisa zinazozuia UVA, na ziko nyeusi za bei rahisi zisizozuia sana. Dereva wa masafa marefu avae shati la mikono mirefu. Hiyo ndiyo kinga rahisi kuliko zote.

Nikiwa kwenye vioo, nigusie mtoto mchanga. Akina mama wengi wameambiwa wamwoteshe mtoto jua la asubuhi ili asipate matege. Wengine, kwa kuogopa upepo, wanamlaza mtoto ndani nyuma ya dirisha lililofungwa. Mama, hapo umempa joto tu. Vitamini D inatengenezwa na UVB, na UVB imebaki nje ya kioo. Mtoto atolewe nje uani kwa dakika chache, miguu na mikono ikiwa wazi. Hali kadhalika dada zetu wanaojisitiri mwili mzima na wanaoshinda ndani: kukaa karibu na dirisha la kioo hakuwapatii vitamini hiyo. Wapate nafasi uani, penye faragha, mikono na miguu iguswe na jua lenyewe.

Na mkorogo. Krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za jamii ya steroidi zinaiondoa ile rangi niliyosema ni mwavuli. Mtu mwenye ngozi nyeusi aliyejichubua amejitoa mwenyewe kwenye kundi la mara 20. Kisha anashangaa uso umetoka madoa meusi kwenye mashavu, anaongeza krimu, madoa yanazidi. Jua la dirishani linatosha kuyaleta madoa hayo. Ndimu nayo, wale wanaojipaka usoni ili "kung'aa", ina kitu ambacho kikikutana na UVA kinaunguza ngozi na kuacha michirizi myeusi kwa wiki kadhaa. Na ukipewa vidonge vya doksisaikilini, ambavyo tunavitoa kwa maambukizi mengi na wasafiri huvitumia kujikinga na malaria, fahamu kwamba ngozi yako itakuwa nyepesi kuungua, tena na UVA hasa, kwa hiyo kioo hakikusaidii. Rubani anayeandikiwa dawa hiyo amwambie daktari kazi yake.

Macho nayo yana habari yake. UV ya miaka mingi inachangia mtoto wa jicho, na ile nyama inayoota kwenye weupe wa jicho ikielekea kwenye mboni, ambayo wavuvi wetu wanaifahamu sana. Mwaka 2005 watafiti wa Iceland waliona mtoto wa jicho wa katikati ya lenzi mara tatu kwa marubani kuliko kwa wanaume wengine, ingawa wao waliilaumu zaidi mionzi ya anga za mbali. Rubani anahitaji miwani ya jua, lakini si kila miwani. Ile inayopunguza mng'ao kwa kuchuja mwanga wa upande mmoja, maarufu kwa wavuvi wa samaki wa kamba, inaweza kumfichia maandishi kwenye vioo vya vipimo vya ndege, na kwa sababu hiyo marubani hushauriwa wasiitumie. Ile inayobadilika rangi yenyewe juani inategemea UV ili ibadilike, na kioo cha ndege kikiwa kimeshachukua sehemu ya UV inaweza isiwe nyeusi ya kutosha. Miwani ya kijivu ya kawaida, iliyothibitishwa kuzuia UV, inatosha. Miwani myeusi ya barabarani isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu, maana giza lake linaifungua mboni na UV inaweza kuingia zaidi.

Kuhusu mafuta ya kujikinga na jua, kuna hila ya maandishi. Ile namba kubwa ya SPF kwenye chupa inapima zaidi kinga ya UVB, ambayo kioo cha ndege kimekwisha kuizuia. Rubani akinunua kwa kutazama SPF peke yake anaweza kuwa amenunua kinga ya kitu kisichomfikia. Atazame kama chupa imeandikwa UVA, na kwa bidhaa za Ulaya herufi hizo huwa ndani ya duara dogo. Apake usoni, masikioni, shingoni na mgongoni mwa mikono nusu saa kabla ya safari, na asipake mafuta mazito ya mgando karibu na pua na mdomo, kwa sababu barakoa ya oksijeni na mafuta ya namna hiyo havipatani, kuna hatari ya moto. Kuhusu udhu, kama mafuta yanaacha utando unaozuia maji au la, hilo ni la masheikh na ninawaachia wao. Upande wangu ni huu: ukitawadha, sehemu ya mafuta imeondoka, kwa hiyo pakaa tena ukimaliza. Vinginevyo rubani ana pazia dogo la dirisha la pembeni na alitumie kila sheria za safari zinapomruhusu, na ana shati la mikono mirefu. Kila anapokwenda kupimwa afya ya leseni, ambayo hufanyika mara moja au mbili kwa mwaka kulingana na umri, aombe atazamwe ngozi. Ni dakika tano.

Mwisho, wapo walioniuliza kuhusu abiria, hususan wazee wanaokwenda Hijja ambao hawajapata kupanda ndege. Safari moja ya kwenda Jidda na kurudi haina madhara ya kuhesabika kwa ngozi ya mtu mweusi. Aliyekaa dirishani na jua linampiga, ashushe kile kizibo cha dirisha au amwombe mhudumu amsaidie. Jua la kuliogopa ni lile la Mina na Arafa, ambalo halina kioo. Mwanamume aliyehirimia hafuniki kichwa, lakini mwavuli unaruhusiwa, basi aubebe tangu nyumbani, na mafuta ya jua anayonunua yawe yasiyo na manukato.